Ukurasa wa Tano wa Fundi Deo

Simu ya Anatolia iliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Deodatha akiwa juu ya ngazi anapima ufa kwenye ukuta wa duka la dawa pale Omurushaka. Alishuka, akajifuta vumbi la chokaa, akapokea. Anatolia alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa kahawa cha Kibingo, kule Kyerwa, mama mwenye sauti ya upole na maswali yasiyoisha.

"Fundi Deo, habari za kazi? Tunataka kununua ghala hapo kwenu. Bodi imesema likaguliwe kwanza, na mwenyekiti anataka pendekezo la ukaguzi mezani Ijumaa. Sasa mimi, kusema kweli, hilo pendekezo sijawahi kuliona. Tutarajie nini ndani yake?"

Deodatha alilipenda swali hilo. Wengi humuuliza bei tu, kama wanaonunua nyanya.

"Mtarajie kurasa sita," alisema. "Wa kwanza unasema ni jengo gani na nyie mnataka kulifanyia nini. Wa pili, nitakagua vitu gani: msingi, kuta, paa, umeme, vyoo, milango. Wa tatu, vitu nisivyoweza kuviona na kwa nini, msije mkanikaba koo kesho kwa kitu ambacho sikukiangalia. Wa nne ni siku, vifaa, bei, na tarehe ya kuwapa ripoti. Wa sita ni sahihi."

"Umeruka wa tano."

"Wa tano unanihusu mimi. Unasema kama nina undugu, biashara au jambo lolote na muuzaji, na mnunuzi, au na jengo lenyewe. Mkaguzi asiyeujaza huo, mkimbieni."

Anatolia alicheka. "Basi tuandikie hizo sita. Jengo ni lile la Cleophace, la magodoro, nyuma ya wanapopakia magari ya Kyerwa."

Deodatha alimwomba alirudie jina hilo. Kisha akasema sawa, ataandika, akarudi juu ya ngazi. Ule ufa aliupima mara tatu na mara zote tatu alipata vipimo tofauti.

Watu wa Omurushaka wanamjua Deodatha kwa kofia yake ya njano na ulimi wake mkali. Ni mzaliwa wa Bweranyange, mtoto wa nne wa mkulima wa migomba. Ana miaka arobaini na mitano, na kwa miaka tisa sasa mkate wake umetokana na kuwaambia watu wenye pesa mambo wasiyopenda kuyasikia. Kazi hiyo ilimjia baada ya tetemeko la mwaka 2016. Kabla ya hapo alikuwa fundi sanifu wa kawaida, anajenga nyumba za watu na madarasa. Baada ya tetemeko kila mwenye jengo alianza kuogopa kuta zake mwenyewe, na Deodatha alikuwa na jicho. Angeingia ndani ya nyumba, agonge hapa, achungulie pale, aseme: hii inakaa, ile ishusheni. Hakuwahi kubembeleza mtu. Kuna tajiri mmoja wa lojingi alimtolea bahasha ili ripoti ipunguzwe makali, na aliirudisha bahasha ile mbele ya wageni wakinywa chai. Tangu siku hiyo jina lake likawa na uzito kuliko mhuri wake.

Lakini jina hilo lilikuwa na shimo chini yake, na shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya wanapopakia magari ya Kyerwa.

Mwaka 2001, akiwa na miaka ishirini na moja, Deodatha alikuwa saidia fundi. Alibeba zege na maji kwa fundi mmoja aitwaye Xaveri, mzee mkali mwenye mikono mizuri, aliyekubali msichana kwenye kazi yake wakati wengine wakicheka. Walikuwa wanajenga ghala kwenye kiwanja kilichokuwa kibanja, yaani shamba la migomba, la mtengenezaji wa rubisi. Kila anayekunywa pombe hiyo ya ndizi anajua kwamba ndizi zake huivishwa ardhini: unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazipanga, unazifukia na kuzipulizia moshi. Yule mtengenezaji alikuwa wa jumla, si wa mtungi mmoja. Shimo lake lilikuwa na urefu wa kitanda cha watu wawili, na kina chake kilimfika Deodatha kifuani. Ukuta wa nyuma wa ghala ulipangwa kupita juu yake.

Xaveri aliagiza lori la mawe ya kulijazia. Lori halikuja, na tajiri mwenye kiwanja alikuwa anakuja kesho yake kuona msingi ukimwagwa. "Jazeni kwa kilichopo," Xaveri alisema. Kilichopo kilikuwa migomba iliyokatwa kusafisha kiwanja. Kwa hiyo Deodatha na kibarua mwenzake, kijana wa Kirundi aitwaye Niyonsaba, wakaitumbukiza migomba ile, wakatupia majani, wakafukia udongo juu, wakaingia kuushindilia kwa miguu yao huku wakiimba. Kikatambuga chake cha tairi, cha mguu wa kushoto, kilizama humo. Alitaka kukitafuta, Xaveri akamwambia atamnunulia kingine. Jioni pakaonekana pamesawazika vizuri, na asubuhi zege likamwagwa.

Mgomba ni maji matupu. Ukiuzika unaoza wote, unaacha uwazi. Alilijua hilo hata siku ile, kila mtoto wa mkulima anajua, lakini alikuwa msichana wa kubeba zege na hakuna aliyemwuliza. Alipokuja kusoma ufundi na kufundishwa jinsi uzito unavyoshuka kutoka ukutani hadi ardhini, alikaa darasani akiliwaza shimo lile. Baadaye yule tajiri alifariki, Xaveri naye akafariki, Cleophace akalinunua ghala na kujaza magodoro. Godoro halina uzito. Jengo likasimama, hata tetemeko halikulitikisa, na Deodatha akajizoesha kutazama upande wa pili wa barabara kila alipopita pale.

Sasa Wakibingo walitaka kuingiza kahawa. Jumanne aliwaendea kwa pikipiki mpaka ofisini kwao ili ajaze ukurasa wa kwanza, na Anatolia alimwonyesha mchoro wa mpango wao kwa furaha ya mtu anayeonyesha picha za harusi. Magunia yangepangwa mpaka karibu na paa, kuegemea ukuta wa nyuma, kwa sababu mlangoni lazima pabaki nafasi ya mizani. Kando ya magunia, chini ya ukuta huohuo, wangekaa wanawake wa kuchambua kahawa.

"Wangapi?" Deodatha aliuliza.

"Ishirini na watano kwa kuanzia. Wengi wana watoto wachanga. Pale nyuma pana dirisha, wanapata mwanga."

Aliandika ishirini na tano kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Angeweza kukataa kazi. Aliliwaza hilo njia nzima ya kurudi. Lakini kulikuwa na mkaguzi mwingine kutoka mjini ambaye pendekezo lake, Anatolia alimwambia, lilikuwa limefika asubuhi hiyo: karatasi moja, ukaguzi wa siku moja, wa macho tu. Huyo angeona kuta zilizonyooka, angegonga mhuri, na msimu ungeanza. Akiikataa kazi, amewaacha wale wanawake chini ya ukuta ule kwa mara ya pili.

Jumatano mchana alifunga mlango wa kiofisi chake, akaandika. Ukurasa wa pili aliongeza mstari: kuvunja jamvi la zege la sakafu kwenye kona ya nyuma, kuchimba mita moja na nusu, kuangalia kilicho chini ya msingi. Ulikuwa mstari mzuri. Kwa mstari huo angelifukua shimo kama mtu aliyelikuta kwa bahati, angeshangaa pamoja na wengine, angewaokoa watu na jina lake pia. Alijisifu kidogo kwa ujanja huo. Halafu akafika ukurasa wa tano. *Uhusiano wa mkaguzi na jengo.* Akaandika: *Hakuna.*

Alilitazama neno hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akachapisha kurasa zote sita, akaweka sahihi, akazitia kwenye bahasha na kuzituma Kibingo. Tusimwonee, wangapi kati yetu tungefanya vingine?

Ijumaa bodi ilikutana Kibingo, wajumbe saba kuzunguka meza yenye kitambaa cha plastiki. Mwenyekiti, mzee Gideon, alikuwa mtu wa miaka sabini aliyevaa koti hata kwenye joto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Kaa, waitu," alimkaribisha kwa heshima ya kwao. "Tumesoma kitabu chako."

Deodatha alikaa, akainua macho, akamwona Niyonsaba kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha.

Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini ni yeye. Yule kibarua asiye na hata blanketi sasa alikuwa mwenye shamba lake, kahawa yake na kiti chake kwenye bodi. Alimtazama Deodatha bila kutingisha kichwa, kisha akayashusha macho kwenye nakala yake, iliyokuwa imefunguliwa ukurasa wa tano. Deodatha alisubiri mtu huyo afungue mdomo. Hakuufungua. Naye alikuwa na lake la kulinda: mtu aliyehangaika miaka kumi na minane kutafuta uraia haendi kujitangaza kwamba aliwahi kuharibu msingi wa jengo la watu.

"Kitabu kizuri," mzee Gideon aliendelea. "Ila kuna mstari tumeukata. Huu wa kuvunja sakafu. Cleophace amekataa."

Akabonyeza simu na kuilaza mezani. Sauti ya Cleophace ikajaa chumba. "Wazee wangu, jengo limepita tetemeko bila ufa. Sasa mtu avunje sakafu yangu atafute nini? Akague kwa macho, kama yule wa mjini."

"Umesikia, Fundi," alisema mwenyekiti. "Ondoa mstari huo, tunasaini leo. Yule mwingine ni rahisi kuliko wewe, lakini sisi tunaliamini jina lako."

Wakamsogezea kalamu. Alihitaji tu kuchora mstari juu ya maneno kumi na kitu na kuweka sahihi ndogo pembeni, jambo la kawaida kabisa katika mapendekezo. Ujanja wake wote wa Jumatano ulikuwa umeishia pale, kwenye ncha ya kalamu ya watu wengine.

"Mstari huo siuondoi," alisema.

"Kwa nini hiyo kona? Kwa nini si kona nyingine?" Anatolia aliuliza, bila ubaya wowote, kama alivyozoea kuuliza.

Deodatha aliichukua nakala yake, akafungua ukurasa wa tano. Alilikata neno *Hakuna* na kuandika juu yake kwa mkono, polepole, kisha akasoma alichoandika. "Mkaguzi alikuwa saidia fundi kwenye jengo hili mwaka 2001. Chini ya ukuta wa nyuma kuna shimo la kuivishia ndizi. Alilijaza yeye mwenyewe, kwa migomba."

Hakumtaja Niyonsaba, wala hakumtazama. Aliona tu, kwa pembe ya jicho, mikono ya mtu yule ikishuka chini ya meza.

Mzee Gideon alivua miwani. "Juzi umetusainia kwamba hakuna. Leo unasema kuna. Nikuamini lini?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuuma zaidi. "Yupo mfanyabiashara mwingine analitaka jengo hilohilo. Nimeambiwa atafanya kila njia sisi tulikimbie. Binti yangu, nani amekutuma?"

"Sijatumwa, mzee."

"Amenunuliwa huyo," ilisema simu.

Miaka tisa ya kurudisha bahasha, na sasa anaambiwa amenunuliwa. Uso ulimwaka moto. Alitamani kuinuka aondoke, wafie mbali na ghala lao. Badala yake alijisikia akisema, "Mle shimoni kuna kikatambuga changu. Cha kushoto. Kilizama siku ile nikishindilia. Chimbeni. Msipokikuta, sakafu nitaitengeneza kwa mikono yangu, na nitasimama pale magari yanapopakia niwatangazie watu kwamba mimi ni mwongo."

Ilikuwa ahadi ya mtu aliyepandwa na hasira, na Cleophace aliidaka haraka. "Aje. Jumatatu, saa tatu. Nileteeni na bodi nzima."

Jumatatu walikuwepo wote, na nusu ya Omurushaka ilikuwa mlangoni. Mambo kama hayo hayahitaji tangazo. Magodoro yalikuwa yamesukumwa upande mmoja. Deodatha alipima kutoka mlangoni, hatua kumi na nne kwenda nyuma, tatu kushoto, kama alivyokumbuka. Akapiga alama ya chokaa, akakamata sururu mwenyewe, kwa kuwa hakutaka mtu aseme kibarua alihongwa.

Jamvi lilivunjika baada ya nusu saa. Chini yake kulikuwa na moramu, udongo wa changarawe wa kujazia. Akachimba. Chini ya moramu kulikuwa na udongo mwekundu, mgumu, ardhi ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Alifika magotini, akafika mapajani. Ardhi ilikuwa ngumu ileile. Akapiga mtarimbo chini, ukadunda.

"Sakafu nzuri ilikuwa," alisema Cleophace.

Watu wa mlangoni wakaanza kucheka. Jasho lilimwingia Deodatha machoni. Je, ni kumbukumbu tu? Miaka ishirini na minne ameogopa kitu alichokiota? Aliangalia mlango, akahesabu tena hatua kichwani, na hesabu ikatoka ileile. Mzee Gideon alitazama saa. Anatolia alikuwa ameikumbatia faili kifuani kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Basi tu, binti," alisema mwenyekiti. "Toka humo."

Deodatha aliweka mkono ukingoni ajivute juu, na hapo akasikia mtu akikohoa.

Niyonsaba alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa watu, anaangalia nje. Kule nyuma, mpakani mwa kiwanja, ilikuwepo bado safu ya mimea ya mulamula, ileile ambayo watu wa huku huipanda kuweka mpaka na ambayo hakuna anayethubutu kuing'oa.

"Mlango ulihamishwa," alisema, bila kugeuka. "Zamani haukuwa hapo. Ulikuwa kule yaliko magodoro."

Cleophace alifungua mdomo. "Nilihamisha ndiyo, nilipolinunua. Wewe umejuaje?"

Niyonsaba hakumjibu. Alihesabu mimea kwa kidole, akatembea kando ya ukuta, hatua sita kulia, akasimama. "Shimo lilitazamana na mulamula wa tatu. Ni hapa." Kisha akageuka, akamtazama mzee Gideon usoni, na sauti ikamtoka kwa shida. "Mwenyekiti, Fundi Deo hakuwa peke yake. Tulikuwa wawili."

Alivua koti lake la mkutano, akalikunja, akampa Anatolia. Akamnyang'anya Deodatha sururu, au tuseme Deodatha alimwachia.

Safari hii jamvi lilipopasuka, vipande viwili havikubaki mahali pake. Vilianguka ndani. Waliokuwa mlangoni walisikia vikitua chini, na kicheko kikakoma. Kati ya zege na udongo kulikuwa na uwazi wa kutosha kuingiza mkono hadi begani, na uwazi huo ulikwenda moja kwa moja chini ya ukuta. Niyonsaba alisimamisha mtarimbo juu ya udongo mweusi uliokuwa chini, akauegemea kidogo tu. Ukazama karibu wote.

Cleophace alikaa juu ya godoro. "Mimi sikujua," alisema. "Wallahi, nilikuwa ninalala humu wakati wa mizigo."

"Hukujua," alisema Deodatha. "Tulijua sisi."

Mzee Gideon alisogea hadi ukingoni, akachungulia. Akainua macho taratibu kuufuata ukuta mpaka juu, pale ambapo magunia yangefika, akayashusha tena mpaka chini ya dirisha, kwenye mwanga mzuri. Binti yake alikuwa miongoni mwa wale ishirini na watano.

"Fundi," alisema hatimaye. "Andika ripoti. Tutakulipa kama ulivyotaka."

"Siwezi, mzee. Ukurasa wa tano unanitoa. Tafuteni mtu mwingine asiye na lolote na jengo hili, mpeni ule mstari mliotaka kuukata. Mimi mkiniita, niiteni kama shahidi."

Anatolia alifungua faili, akatafuta kalamu, akaandika hilo neno kwa neno. Deodatha alimwona akiandika na machozi yakamtoka, machozi ya uchovu na aibu na kitu kingine kilichofanana na usingizi baada ya homa. Kesho mji mzima ungejua. Wapo ambao wasingempa tena kazi, na hakuwa na la kuwalaumu.

Ndani ya shimo Niyonsaba alikuwa bado anachota kwa beleshi, taratibu, ingawa hakuna aliyehitaji tena ushahidi. Akaacha beleshi. Akaingiza mkono kwenye udongo mweusi, akavuta, akakifuta kwenye suruali yake. Kilikuwa kikatambuga kidogo cha tairi, cha kushoto, kamba moja imekatika.

Alipanda juu, akamkabidhi Deodatha kwa mikono miwili. Deodatha akakipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, na hakukificha mkobani.